Fundi wa Mdundo na Mkuu wa Ukoo

Tarehe 25 Machi 1997, siku 16 baada ya The Notorious B.I.G. kuuawa kwa risasi mjini Los Angeles, albamu yake ya pili ilifika madukani. Life After Death ilikuwa na diski mbili na maprodyuza chungu nzima. Wawili kati yao ndio wenye sura hii. Katika diski ya kwanza DJ Premier alimpa Biggie biti ya "Kick in the Door". Katika ya pili akampa ya "Ten Crack Commandments", na karibu na mwisho wa diski hiyohiyo RZA akampa ya "Long Kiss Goodnight". Rapa ni yuleyule na hasira zake ni zilezile. Mikono iliyokaa kwenye mashine ndiyo tofauti.

Zisikilize mfululizo. Katika "Kick in the Door" Premier amechukua vipande vya "I Put a Spell on You" ya Screamin' Jay Hawkins na kuvifanya vikanyage ardhi kwa uzito uliopimwa. Kati ya pigo na pigo ameacha nafasi safi, na Biggie anajua pa kutua. Kwa RZA mambo ni mengine kabisa. Sauti zina ukungu, mdundo unazunguka bila kutangaza unakokwenda, na rapa inabidi ajitafutie njia gizani.

Mpenzi yeyote wa hip-hop ya New York ya miaka ya 1990 amewahi kuulizwa: Premier au RZA? Ndani ya swali hilo mna maswali mawili, na mabishano hayaishi kwa sababu watu huyachanganya. La kwanza ni hili: nyimbo zao zikikutanishwa uso kwa uso mbele ya watu, nani anamwangusha mwenzake? La pili: nani ameugeuza zaidi muziki wenyewe? Naamini Premier anashinda la kwanza na RZA anashinda la pili. Tena kile kinachompa kila mmoja ushindi wake ndicho kinachomnyima ule mwingine.

Kupambanisha muziki mbele ya watu ni jambo la zamani kuliko hip-hop. Kingston, Jamaika, miaka ya 1950, wenye mitambo ya muziki walikuwa wakigombania wachezaji dansi mtaa kwa mtaa. Clement Dodd, aliyejulikana kama Sir Coxsone, alikuwa na santuri moja iliyokuwa silaha yake kuu. Aliiita "Coxsone Hop". Jina lake halisi lilikuwa "Later for Gator", kazi ya mpiga saksafoni Mmarekani Willis Jackson, lakini Dodd alikuwa ameikwangua lebo ili mtu asijue. Mpinzani wake, Duke Reid, polisi wa zamani ambaye dansini hakuachana na bunduki yake, aliisaka santuri hiyo mpaka akaipata, kisha akaipiga hadharani Dodd mwenyewe akisikia. Katika ulimwengu ule hapakuwa na kipigo kikubwa kuliko hicho.

Kijana wa Kingston aliyehamia Bronx mwaka 1967, Clive Campbell, alikuja na tabia hizo. Ndiye DJ Kool Herc, na sherehe aliyoipigia muziki tarehe 11 Agosti 1973 katika jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue ndiyo watu wanayoihesabu kuwa siku ya kuzaliwa kwa hip-hop. Herc alikuwa akiloweka santuri zake majini ili lebo zibanduke. Miaka 25 baadaye, kwenye albamu ya Moment of Truth ya mwaka 1998, Premier anasikika akiwafokea watu wanaotoa santuri za mkusanyiko zenye nyimbo asilia ambazo maprodyuza wamezikata. Kwake yeye huo ni usaliti. Hasira ile ukiifuata nyuma utafika hadi Kingston, kwenye lebo iliyokwanguliwa.

Mapambano ya maprodyuza yamepita njia kadhaa. Kuna yale ya chipukizi, kama Big Tune iliyoanzia Seattle, ambapo mtu huleta biti zisizosikika bado, watu wakapiga kelele, na mwenye kelele nyingi akapita. Kuna mafundi wanaopiga sampla papo hapo kwa vidole, mpaka mashine ile inageuka chombo cha muziki kama kilivyo kinanda au ngoma. Na kuna pambano la wakongwe, ambapo kila mmoja analeta nyimbo zake zilizokwisha kujulikana na kuzitupa moja moja.

Hilo la mwisho lilipata jina na makao tarehe 24 Machi 2020, Swizz Beatz na Timbaland walipoketi kila mmoja kwake, marufuku ya kutoka nje ikiwa imeanza kwa sababu ya UVIKO-19, wakapambana moja kwa moja kwenye Instagram. Wakaliita Verzuz. Utaratibu ukazoeleka upesi: nyimbo 20 kwa 20, zamu kwa zamu, kioo cha simu kimegawanywa nusu kwa nusu, hakuna jopo la waamuzi. Wiki chache baadaye Teddy Riley alikuja kwenye pambano lake na Babyface akiwa na wanamuziki na mitambo mizito. Sauti ikaharibika, wakaahirisha, wakarudia siku mbili baadaye kwa utulivu zaidi. Tukio lile lilionyesha wazi kinachofanya kazi mahali kama pale. Mtazamaji hakuhitaji onyesho. Alihitaji wimbo, na uso wa mtu aliyeutengeneza akiusikia wimbo wa mwenzake.

Anayeyajua malumbano ya washairi kwenye magazeti yetu ataelewa upesi jinsi pambano la namna hii linavyoamuliwa. Shairi zuri peke yake halitoshi; lazima lijibu. Mpinzani ameweka vina vyake, nawe unaingia humohumo katika vina vyake na kumtoa. Prodyuza anayechagua wimbo wake mkubwa kuliko wote bila kusikiliza uliotangulia anapoteza mzunguko hata kama wimbo wake umeuza mara kumi zaidi. Na muda ni mfupi. Wimbo unapewa dakika moja na nusu hivi, pengine pungufu, halafu zamu inageuka. Jambo hili la muda lina uzito mkubwa katika kesi ya watu wetu wawili, nami nitalirudia.

Premier jina lake ni Christopher Martin. Alizaliwa Houston, Texas, mwaka 1966, akakulia Prairie View, mji mdogo wenye chuo kikuu cha Weusi, na akasoma humo masomo ya kompyuta kabla ya kuhamia Brooklyn. Kwa hiyo mtu ambaye wengi humtaja kwanza wakitaka kueleza sauti ya New York ni mgeni aliyekuja na masanduku yake ya santuri. Sioni ajabu. Mgeni husikiliza kwa makini mambo ambayo mwenyeji hayasikii tena. Pamoja na Guru, rapa kutoka Boston, waliunda Gang Starr tuliyoijua, na albamu yao ya kwanza, No More Mr. Nice Guy, ilitoka mwaka 1989.

Karakana yake ilikuwa D&D, studio iliyokuwa West 37th Street, Manhattan, ambayo aliinunua mwaka 2003. Vifaa vyake vikuu havikuwa vya kutisha: MPC60 na sampla ya S950, zote za Akai. Ukitaka kumwelewa Premier, anzia kwenye MPC. Mbele yake ina vibonyezo 16 vya mpira, vinne kwa vinne, na kila kimoja kinaweza kubeba kipande chake cha sauti. Premier anachukua santuri ya jazi, anaikata vipande vifupi, noti moja hapa, mkwaruzo wa besi pale, anavigawa kwenye vibonyezo, kisha anavipiga upya kwa mpangilio ambao mwanamuziki wa awali hakuuwaza. Kwenye "Come Clean" ya Jeru the Damaja, ya mwaka 1993, ameijenga ngoma nzima juu ya sauti inayodondoka tone kwa tone, aliyoipata katika "Infinity" ya mpiga ngoma Shelly Manne. Ukiisikia mara moja huisahau.

Kulikuwa na sababu ya kisheria pia ya kukata vipande vidogo. Desemba 1991 mahakama ya New York iliamua dhidi ya Biz Markie kwa kutumia wimbo wa Gilbert O'Sullivan bila ruhusa, na tangu hapo kila sampuli ikawa na bei na wakili. Waliozoea kuchukua kipande kirefu na kukizungusha walijikuta taabani. Premier, ambaye tayari mkono wake ulipenda kukata, hakutikisika sana.

Kisha kuna viitikio vyake. Wengine walimwita mwimbaji aje kuimba kiitikio. Premier alikwenda kwenye santuri. Anachukua maneno mawili ya rapa huyu, matatu ya yule, anayaskrachi kwa mkono mpaka yanaunda sentensi mpya inayousema wimbo. Hapo ndipo u-DJ wake unapodhihirika. Wimbo wa Premier una sahihi yake hata rapa asipomtaja.

Nyimbo hizo zilikwenda kwa nani? Kwa karibu kila mtu. Nas alipata "N.Y. State of Mind" kwenye Illmatic ya mwaka 1994, na ubeti wa kwanza aliurekodi kwa mara moja bila kurudia. Biggie alipata "Unbelievable". Jay-Z alipata "D'Evils". KRS-One, Rakim, M.O.P., Group Home, Royce da 5'9", D'Angelo, na hata Christina Aguilera mwaka 2006, wote walipita mikononi mwake. Kila mmoja aliondoka na biti iliyomtosha yeye. "Ten Crack Commandments" yenyewe ilianzia kwenye tangazo la kipindi cha redio Hot 97 kabla Biggie hajaitaka. Huyu ni fundi kwa maana kamili ya neno: unamletea kazi yako, anaipima, anakutengenezea, na muhuri wake unabaki kwa ndani.

Sasa RZA.

Robert Diggs alizaliwa Brooklyn mwaka 1969, na makuzi yake yakamfikisha Staten Island, kisiwa ambacho wakazi wengine wa New York wamezoea kukisahau. Alijaribu kwanza kuwa rapa wa kawaida kwa jina la Prince Rakeem, chini ya kampuni ya Tommy Boy, mwaka 1991. Haikuenda popote. Kule Ohio alikofuata maisha mengine akajikuta mahakamani kwa kesi ya kumpiga mtu risasi, kesi ambayo ingeweza kummaliza. Aliachiwa huru, akarudi nyumbani akiwa na mpango. Aliwaomba binamu zake na rafiki zake wampe miaka 5. Wamfuate bila kubishana, naye atawafikisha juu.

Mashine yake katika kipindi hicho ilikuwa Ensoniq EPS, na hapa ndipo unapouona umuhimu wa kifaa. EPS ni sampla yenye kibodi. Ukiiwekea kipande cha sauti, kila kitufe kinakipiga kwa kimo chake: juu zaidi na kwa kasi, au chini zaidi na polepole. RZA alichukua muziki wa soul, hasa ule wa Memphis, akaupandisha na kuushusha mpaka ukawa unalia kwa namna ambayo waimbaji wake hawakuikusudia. Katika "Tearz" ni sauti ya Wendy Rene wa kampuni ya Stax. Katika "C.R.E.A.M." ni sekunde chache za wimbo wa The Charmels wa mwaka 1967, ulioandikwa na Isaac Hayes na David Porter. Wimbo wa mapenzi ukawa maombolezo ya vijana wasio na pesa. Kwangu hiyo ni mojawapo ya kazi kubwa kabisa za kubadilisha maana ya sauti katika karne ya 20, na siogopi kuisema hivyo.

Juu ya sauti hizo akamwaga filamu za kung fu alizokuwa akizitazama kwenye majumba ya sinema ya 42nd Street. Panga zinagongana, bwana wa mapigano anatoa onyo, mtoto anasimulia kifo cha mama yake. Staten Island ikapewa jina la Shaolin. Albamu ya kwanza ya kundi lao, Wu-Tang Clan, ilitoka Novemba 1993, ikiwa na rapa tisa, kila mmoja na tabia yake.

Jambo ambalo watu hulitaja haraka na kulipita ni jinsi biti zilivyogawanywa. Ndani ya nyumba ya RZA biti haikuwa zawadi. Watu waligombea. Waliingia kwenye kipaza sauti, wakarap juu ya biti moja, na aliyeimiliki vizuri zaidi akaondoka nayo. "Meth vs. Chef" katika Tical ya Method Man, ya mwaka 1994, ni mabaki ya desturi hiyo, Method Man na Raekwon wakigombania biti mbele ya masikio yetu. Kwa hiyo RZA alikuwa mwamuzi wa pambano kwa miaka mingi kabla ya kuwa mshiriki. Alipima rapa kwa biti, na biti kwa rapa.

Mkataba wake na Loud Records ulikuwa na akili ileile. Kundi lilikuwa la Loud, lakini kila mmoja alikuwa huru kwenda kujiuza peke yake kwingine. Method Man akaenda Def Jam, Ol' Dirty Bastard Elektra, GZA Geffen, Ghostface Killah Epic, Raekwon akabaki Loud. Kampuni zilizokuwa washindani zikajikuta zote zinalitangaza jina moja. Kati ya Novemba 1994 na Oktoba 1996 zilitoka Tical, Return to the 36 Chambers, Only Built 4 Cuban Linx, Liquid Swords na Ironman, karibu zote kwa mkono wa mtu mmoja. Juni 1997, mwisho wa ile miaka 5, Wu-Tang Forever iliingia namba moja kwenye chati za Billboard. Ahadi ilitimia.

Tarehe 11 Aprili 2020, Jumamosi ya kuamkia Pasaka, watu hawa wawili wakakutana kwenye Verzuz. New York ilikuwa katika wiki zake mbaya kabisa, hospitali zimefurika, na mitaa iliyozaa nyimbo hizi iko kimya. Wote wawili walikuwa wamevuka miaka 50. Kabla na baada ya nyimbo walisimulia: nani alikuwa studio, biti ilipatikanaje, nani aliikataa kwanza. Hayakuwa matusi ya jukwaani. Zilikuwa heshima za mafundi wawili, na wasikilizaji wengi waliokulia kwenye muziki huo walizipokea hivyo.

Mzigo mwingine ulikuwepo usiku ule ambao pambano la vijana halina. Sauti nyingi zilizokuwa zikitoka kwenye spika ni za marehemu. Guru alikuwa ametimiza karibu miaka 10 kaburini. Alifariki tarehe 19 Aprili 2010. Ol' Dirty Bastard alikufa Novemba 2004. Biggie, ambaye wote wawili walimpa biti, hakuwahi kufika umri wa miaka 25. Premier alikuwa ametoka kutoa, Novemba 2019, albamu ya Gang Starr ya One of the Best Yet, aliyoijenga juu ya sauti alizoziacha Guru. Prodyuza anapozeeka anageuka mtunza sauti za wafu wake, na katika usiku wa namna ile hawezi kulikwepa hilo.

Hata hivyo pambano ni pambano, na masikio yangu yanampa Premier. Sababu ya kwanza ni muda. Wimbo wa Premier unakupiga ndani ya sekunde tano. "Mass Appeal" ya Gang Starr, aliyoitengeneza kwa kuikejeli redio ya wakati huo, ina kipande kimoja cha gitaa la Vic Juris kinachojirudia, nacho kinakamata shingo ya mtu kabla Guru hajafungua mdomo. RZA alijenga nyimbo za kukaa ndani yake. "Liquid Swords" inaanza na mtoto wa filamu ya Shogun Assassin akisimulia kwa takriban dakika nzima kabla ngoma haijaingia. Ukiwa peke yako usiku na albamu yote mbele yako, dakika ile ni ya thamani kubwa. Mbele ya umati, zamu yako ikiwa inahesabiwa kwa sekunde, lazima uiruke, na ukiiruka umeing'oa nyumba mlango.

Sababu ya pili ni sauti za rapa. Premier akitaka kujibu ana Nas, ana Jay-Z, ana KRS-One, ana M.O.P. wanaopasua spika kwa kelele. Kila wimbo unabadilisha hewa ya chumba. RZA anarudi kwa watu walewale wa ukoo wake, na ingawa Method Man na Ghostface hawachoshi, mpinzani anaweza kukisia kinachokuja. Ni kweli kwamba hakuna kitu kwenye sanduku la Premier kinachoweza kuufanya umati mzima uitikie kama "C.R.E.A.M." inavyofanya. Lakini hiyo ni raundi moja. Zikibaki 19, upana wa fundi unahesabika.

Ukimaliza pambano ukaanza kuulizia athari, mizani inageuka. Premier aliwafundisha watu kazi. The Alchemist, Statik Selektah na wengine wengi wanabeba alama ya mkono wake: namna ya kukata, uzito wa ngoma, kiitikio cha kuskrachi. Ni urithi mkubwa, lakini ni urithi wa ufundi, na asiyependa ladha ile anaweza kufanya hip-hop maisha yake yote bila kuuhitaji. Alichofanya RZA hakikwepeki. Kanye West amewahi kukiri hadharani deni lake kwa RZA, na ukisikia soul iliyoongezwa kasi katika kazi zake za mwanzo unaisikia ile kibodi ya EPS. Hata namna alivyowaita wakongwe hawa wawili inaeleza jambo. Premier alialikwa kwenye Graduation ya mwaka 2007 kuja kuskrachi katika "Everything I Am", kazi maalumu ya fundi maalumu. RZA alialikwa ndani ya mradi wenyewe, kwenye My Beautiful Dark Twisted Fantasy na kisha "New Day" ya Watch the Throne, kama mzee wa nyumba.

Athari yake ilivuka bahari pia. Marseille, mji wa Ufaransa wenye jamii kubwa ya Wakomoro, kundi la IAM lilitoa L'école du micro d'argent mwaka 1997 likiwa na taswira za mapigano ya Asia, na katika wimbo wa "La Saga" wamo rapa wa Sunz of Man, tawi la ukoo wa Wu-Tang. Kisha sinema zenyewe zikamwita. Jim Jarmusch alimpa muziki wa Ghost Dog mwaka 1999, na Quentin Tarantino akamchukua kwa Kill Bill mwaka 2003. Kijana aliyekuwa akiiba sauti kutoka kwenye filamu akawa anaziwekea filamu sauti.

Nyumba ya RZA ilikuwa na ufa, na haki inanitaka niuseme. Ilimtegemea mno mtu mmoja. Katikati ya miaka ya 1990 maji yalifurika kwenye chumba cha chini alikokuwa na studio yake na kuharibu mamia ya biti. Aliyeumia kuliko wote ni Inspectah Deck, mmoja wa waandishi wakali kabisa wa kundi, ambaye albamu yake ilichelewa mpaka mwaka 1999, wakati joto lilikuwa limeshapoa. Mwaka mmoja kabla yake Deck alisikika kwenye "Above the Clouds" ya Gang Starr, juu ya biti ya Premier, na kuna wanaoamini kwamba hajawahi kurap vizuri zaidi ya pale. Mimi ni mmoja wao.

Tarehe 17 Aprili 2020, siku 6 baada ya pambano, Westside Gunn wa Buffalo, New York, alitoa Pray for Paris. Kundi lake la Griselda limejengwa kwa ramani ya RZA. Westside Gunn na Conway the Machine ni ndugu, Benny the Butcher ni binamu yao, kama walivyokuwa mabinamu RZA, GZA na Ol' Dirty Bastard. Kila mmoja anatoa kazi zake na jina la nyumba linakua kwa wote. Biti ni za giza, ngoma hafifu au haipo kabisa, na mahali pa kung fu wameweka mieleka ya televisheni. Wimbo mmoja wa albamu hiyo umepewa jina la wanamieleka wawili, "Shawn vs. Flair". Biti yake ameitengeneza DJ Premier.